Kugundua ugonjwa mapema kunawezaje kukosa faida?

Swali: "Shikamoo Daktari. Nasoma udaktari, mwaka wa tatu. Wodini sina shida, lakini tiba kinga na afya ya jamii vinanitoa jasho. Ngazi za kinga nimezikariri zote, ila nikipewa mfano nashindwa kujua niuweke wapi. Na kwenye mtihani wa majaribio tuliulizwa hivi: kabla ya kipimo kipya cha saratani fulani, asilimia 30 ya wagonjwa walikuwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Kipimo kilipoanza kutumika, wakafika asilimia 60. Je, kipimo kimeokoa maisha? Nikajibu ndiyo, nikapata sifuri. Inawezekanaje ugonjwa ugunduliwe mapema, watu waishi muda mrefu zaidi, halafu isiwe faida? Na somo hili nilisomeje?"

Marahaba. Sifuri hiyo isikuvunje moyo, lakini usiiache ipite hivihivi, maana kosa lililoizaa ndilo linalokusumbua hata kwenye ngazi za kinga. Wodini umezoezwa kumtazama mgonjwa aliye mbele yako: anaumwa nini, apewe nini, amepata nafuu au la. Tiba kinga humtazama huyo pamoja na wote ambao hawakuja hospitali. Ndiyo maana kila ukiletewa namba una maswali mawili ya kuuliza kabla hujaiamini: hao ni kati ya watu wangapi? Na tusingefanya kitu, ingekuwaje?

Tuanze na swali la kwanza, na mfano wake bora ninaoujua una umri wa zaidi ya miaka 170. Bila shaka umeshasimuliwa habari za daktari John Snow na mpini wa pampu ya maji ya Broad Street, London, ulioondolewa Septemba 1854 wakati wa kipindupindu ili watu wasinywe maji aliyoyashuku. Kisa hicho hupendwa kusimuliwa, ila kama ushahidi ni dhaifu. Wakati mpini unaondolewa, mlipuko ulikuwa tayari unapungua na wakazi wengi walikuwa wamekimbia mtaa, na Snow mwenyewe alikiri hivyo. Kazi yake kubwa ya mwaka ule ni nyingine, na ndiyo ninayokuomba uisome kwa makini.

Kusini mwa London kampuni mbili zilikuwa zikiuza maji kwenye mitaa ileile. Southwark and Vauxhall ilichota kwenye mto Thames ndani ya jiji, mahali maji taka yalipomwagwa. Lambeth ilikuwa imehamisha chanzo chake juu ya mto mwaka 1852, mbali na uchafu wa jiji. Mabomba ya kampuni hizo yalipita sambamba barabara moja, nyumba hii ikinywa ya huku na jirani yake ikinywa ya kule, matajiri kwa maskini, hewa wanayovuta ikiwa moja. Snow alikwenda nyumba kwa nyumba kila palipotokea kifo kuuliza maji yanatoka kampuni gani. Wenye nyumba wengi hawakujua. Basi alichukua maji kidogo akayatia kemikali iitwayo nitreti ya fedha: maji ya ndani ya jiji yalikuwa na chumvi nyingi zaidi, yakafanya ukungu mweupe mzito, na jibu likapatikana humohumo ndani ya chupa.

Alipomaliza alikuwa na vifo 1,263 upande wa Southwark and Vauxhall na 98 upande wa Lambeth. Hapo mtu mwenye haraka angetangaza ushindi. Snow hakutangaza, kwa sababu vifo peke yake havisemi kitu. Huenda kampuni ya kwanza ilikuwa na wateja wengi mno kuliko ya pili. Akatafuta idadi ya nyumba: 40,046 kwa ile ya kwanza na 26,107 kwa Lambeth. Gawanya mwenyewe sasa hivi, usinisikilize mimi. Utapata vifo kama 315 kwa kila nyumba 10,000 upande mmoja, na takriban 37 upande wa pili. Tofauti ni zaidi ya mara nane, na imepatikana karibu miaka 30 kabla Robert Koch hajaonyesha bakteria wa kipindupindu. Wakati huo madaktari wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Snow hakupewa jibu na hadubini. Alikuwa na namba ya chini ya sehemu, na ile ya juu aliitafuta kwa miguu yake.

Sasa ngazi za kinga. Umezikariri ukiwa na nia njema, lakini ngazi haikai kwenye kitendo, inakaa kwenye uhusiano wa kitendo na ugonjwa unaouzungumzia. Chukua dawa ya presha. Mtu ana presha ya juu, hajawahi kupata kiharusi, unampa dawa. Hiyo ni ngazi gani? Ukiniambia unazungumzia kiharusi, nitasema ni kinga ya kwanza, kwa maana kiharusi hakijatokea na tunazuia kisitokee. Ukizungumzia presha yenyewe, ni kinga ya pili: ugonjwa upo, umegunduliwa kabla haujaleta dalili, unadhibitiwa. Mtu yuleyule akishapata kiharusi, dawa ileile inamkinga asipate kingine, na mazoezi ya kumrudisha kutembea na kuongea ni kinga ya tatu. Kabla ya hayo yote kuna kazi ya kuzuia hata presha isizoeleke katika jamii, kwa mfano kupunguza chumvi kwenye vyakula vya viwandani, na wengi huiweka ngazi ya awali kabisa, kabla ya ile ya kwanza. Kwa hiyo ukipewa mfano kwenye mtihani, andika kwanza pembeni ya karatasi: "kinga ya nini?" Ukishataja ugonjwa, jiulize mtu huyu yuko wapi katika safari yake: hajaupata, anao bila dalili, au unaonekana tayari. Mara nyingi ngazi itajitokeza yenyewe. Kuna pia ngazi ya nne, iliyopendekezwa na daktari wa familia wa Ubelgiji, Marc Jamoulle, mwaka 1986: kumkinga mtu na madhara ya tiba na vipimo asivyovihitaji. Wanafunzi huisoma kama nyongeza ya vitabuni. Mimi naiona ya lazima, na swali lako la saratani linaonyesha kwa nini.

Turudi kwenye mtihani. Mfikirie mtu mmoja ambaye saratani yake itamuua akiwa na miaka 60, umtibu usimtibu. Bila kipimo, dalili zinaanza akiwa na miaka 57, anagunduliwa, anaishi miaka mitatu. Katika takwimu za miaka mitano, huyu anahesabiwa miongoni mwa waliokufa. Sasa mpime akiwa na miaka 53, kabla ya dalili. Anagunduliwa, anaishi miaka saba, anahesabiwa miongoni mwa walionusurika. Siku ya kifo haikusogea hata kidogo. Kilichosogea ni siku ya kuanza kuhesabu, na alichoongezewa ni miaka minne ya kujua kwamba ana saratani. Ukiwa na kundi zima la watu wa namna hiyo, walio hai baada ya miaka mitano watapanda kutoka asilimia 0 hadi 100 bila mtu hata mmoja kuokolewa. Ndiyo maana 30 na 60 za swali lako hazithibitishi kitu.

Kuna mtego wa pili hapo hapo. Saratani hazikui kwa kasi moja. Inayokwenda polepole hukaa miaka mingi mwilini bila dalili, kwa hiyo inatoa nafasi nyingi za kukutwa na kipimo cha kila mwaka au kila miaka miwili. Inayokwenda mbio huzaliwa baada ya kipimo kimoja na kuleta dalili kabla ya kinachofuata. Kwa hiyo waliogunduliwa kwa kipimo wanakuwa tayari wamejaa wenye ugonjwa mpole. Ukiwalinganisha na waliokuja hospitali na maumivu, unalinganisha magonjwa mawili yenye jina moja.

Mtego wa tatu ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu unawaumiza watu wazima wa afya. Kuna saratani ambazo zisingemletea mwenye nazo taabu yoyote maisha yake yote. Korea Kusini ilianzisha mpango wa taifa wa kupima saratani mwaka 1999. Saratani ya thairoidi, tezi iliyo shingoni, haikuwemo kwenye mpango, lakini hospitali nyingi ziliongeza ultrasaundi ya shingo kwa malipo madogo, na watu wakakubali, kwa kuwa nani atakataa kujua mapema? Kufikia mwaka 2011, idadi ya waliogunduliwa saratani hiyo kwa mwaka, ukilinganisha na ukubwa wa jamii, ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993. Ikawa ndiyo saratani inayogunduliwa zaidi nchini humo. Na vifo vitokanavyo nayo? Vilibaki palepale vilipokuwa.

Simama kidogo uzitazame hizo namba mbili pamoja. Ingekuwa ugonjwa umeongezeka kweli mara 15, vifo vingepanda. Ingekuwa kugundua mapema kunaokoa, vifo vingeshuka. Havikupanda wala kushuka. Maelezo yanayobaki ni kwamba uvimbe mdogo mdogo uliokuwa umetulia shingoni mwa watu ulipewa jina la saratani. Na jina hilo likishatajwa, wachache huishia kwenye jina. Karibu wote walitibiwa, theluthi mbili hivi kwa kuondolewa tezi nzima, maana yake ni kumeza homoni kila siku hadi mwisho wa maisha. Takriban asilimia 11 ya waliopasuliwa walipata upungufu wa homoni inayodhibiti kalsiamu, na asilimia 2 walipooza nyuzi za sauti. Mwaka 2014 kundi la madaktari wa nchi hiyo walijitokeza hadharani kuwaomba watu waache kupimwa bila dalili, na upasuaji ukapungua sana ndani ya mwaka uliofuata. Nawaheshimu mno kwa hilo.

Kwa hiyo jibu lililotakiwa kwenye karatasi yako ni hili: haiwezekani kusema. Asilimia ya walio hai baada ya miaka mitano inawahesabu waliogunduliwa tu, na kipimo kipya kimebadilisha ni nani wanagunduliwa na lini. Tunachohitaji ni vifo vya saratani hiyo kati ya watu wote waliolengwa kupimwa, wagonjwa na wasio wagonjwa, tukiwalinganisha na watu wa namna hiyohiyo ambao hawakupelekewa kipimo, na kundi la kila mtu likiwa limechaguliwa kwa bahati nasibu. Siku ya kuanza kuhesabu iwe moja kwa makundi yote mawili, yaani siku ya kuingia kwenye utafiti.

Usitoke hapa ukiwa adui wa vipimo. Kaa kwenye shingo ileile, tezi ileile. Kuna watoto wanaozaliwa tezi ya thairoidi ikiwa haifanyi kazi ipasavyo, takriban mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000. Mtoto huyo kwa kawaida anaonekana mzima. Mama anaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na furaha. Dalili zikija kuonekana wazi, ubongo umeshadhurika na hasara hairudi. Tone moja la damu kutoka kisiginoni katika siku zake za kwanza linatosha kumgundua, na tiba ni kidonge kimoja cha homoni kwa siku. Akianza ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kawaida akili yake hukua kama ya wenzake. Hapa ugonjwa una kipindi kirefu cha kutosha kabla ya madhara, una tiba, na tiba ikitolewa mapema inaleta tofauti kubwa kuliko ikichelewa. Ukipima hayo yote kwenye uvimbe mdogo wa tezi kwa mtu mzima, sharti la mwisho linaanguka. Wilson na Jungner waliandika masharti kumi ya namna hiyo kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, na hadi leo ndiyo yanayofundishwa. Wanafunzi hukariri yote kumi. Mimi ningependa ukumbuke moja kuliko yote: kugundua mapema kuna maana pale tu ambapo kutibu mapema kunashinda kutibu baadaye.

Kuna hesabu moja ambayo lazima uifanye kwa mkono wako mpaka uizoee. Tuseme kipimo kinawakamata 90 kati ya kila wagonjwa 100, na kati ya kila wazima 100 kinawaambia 95 kwamba ni wazima. Kinasikika kizuri. Kipeleke mtaani, kwenye watu 10,000 ambao 100 tu ndio wagonjwa. Kitakamata wagonjwa 90. Lakini wazima ni 9,900, na asilimia 5 yao, yaani 495, wataambiwa wana ugonjwa. Jumla ya walioitwa wagonjwa ni 585, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 90, kama asilimia 15. Sasa chukua kipimo hichohicho ukipeleke kliniki ya rufaa, ambako kati ya watu 10,000 wenye dalili 3,000 wana ugonjwa. Kitakamata 2,700 wa kweli na kuwasingizia 350. Jibu la "unao" sasa ni kweli kwa asilimia 89 hivi. Kipimo hakikubadilika. Waliobadilika ni watu waliokaa foleni.

Ndiyo maana daktari aliyelelewa wodini akipelekwa kupima watu wasio na dalili huwatisha wengi bila kukusudia: amezoea jibu la "unao" kumaanisha unao. Mtu wa mtaani aliyepata jibu hilo anahitaji kipimo cha pili cha uhakika, na anahitaji kuambiwa waziwazi, kabla hajaondoka, kwamba uwezekano mkubwa ni mzima. Maneno hayo ni sehemu ya kinga.

Swali la pili nililokupa, la ingekuwaje bila sisi, lina mfano mzuri kutoka Finland. Mwaka 1972, jimbo la North Karelia lilianza mradi wa kupunguza vifo vya moyo kwa kubadili chakula na uvutaji sigara wa jamii nzima, si wa wagonjwa peke yao. Katika miaka 40 iliyofuata vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Ni mafanikio ninayoyafundisha kwa furaha. Hata hivyo vifo vilishuka pia sehemu nyingine za Finland, na wataalamu wamebishana kwa muda mrefu ni kiasi gani cha mteremko huo ni matunda ya mradi wenyewe. Ubishi huo hauudogoshi mradi. Kushuka kwa namba baada ya sisi kufanya kazi hakutoshi kusema imeshuka kwa sababu ya kazi yetu.

Mradi ule ulifuata wazo ambalo Geoffrey Rose, daktari wa Uingereza, alilieleza vizuri mwaka 1985: watu wengi wenye hatari ndogo wanaweza kutoa wagonjwa wengi kuliko watu wachache wenye hatari kubwa. Hatari ya kuzaa mtoto mwenye hali ya Down hupanda sana mama akizidi miaka 35, lakini idadi kubwa ya watoto hao huzaliwa na mama walio chini ya umri huo, kwa kuwa ndio wanaozaa zaidi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa presha: viharusi vingi huwapata watu ambao presha yao ni ya juu kiasi tu. Ukiwashughulikia wale wa juu kabisa peke yao, umefanya kazi ya lazima, na wagonjwa wengi wa mwaka kesho bado watatoka nje ya orodha yako.

Kuhusu namna ya kusoma: acha kukariri fasili kwa siku chache, shika karatasi na penseli. Kila ukikutana na asilimia, andika namba ya juu na namba ya chini kwa watu kamili, kama tulivyofanya kwenye wale 10,000. Wagonjwa wapya wa mwaka huu usiwachanganye na jumla ya walio na ugonjwa leo. Dawa za VVU ziliposambaa, jumla ya wanaoishi na VVU duniani iliendelea kupanda huku maambukizi mapya yakipungua, kwa sababu vifo vilipungua. Anayetazama namba moja tu angesema tunashindwa.

Na hili hapa la kufanyia mazoezi, maana utakutana nalo kazini. Shule ina watoto 1,000, na 960 wamechanjwa surua. Tuseme chanjo inamkinga mtoto 95 kati ya 100, na surua inaingia na kumpata kila asiye na kinga. Watoto 40 ambao hawakuchanjwa wanaugua wote. Kati ya waliochanjwa, asilimia 5 inakuwa 48. Wagonjwa ni 88, zaidi ya nusu yao wana kadi ya chanjo, na mzazi mmoja anasimama kwenye kikao akiuliza kwa uchungu chanjo hii ina kazi gani. Chora jedwali lako, weka 48 juu ya 960 na 40 juu ya 40, kisha uandike kwa maneno ya kawaida, yasiyo na istilahi hata moja, utakavyomjibu mzazi huyo. Ukimaliza nitumie, tulipitie pamoja.